Kibarua Akitimiza Mwezi, Si Kibarua Tena

Ndugu mkulima, katika mashamba ya makazi mtu wa kazi huanza kwa siku mbili tatu. Viazi vimekomaa, mvua i karibu, nawe wamwita kijana akusaidie kuchimba. Viazi vikiisha, wamwambia abaki akame ng'ombe. Mwaka wa pili bado yuko, nawe wazidi kumwita kibarua. Je, sheria nayo humwita hivyo? La, hasha.

Kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kibarua ni mtu anayelipwa kila jioni na kuandikwa kwa muda usiozidi saa 24 kwa mara moja. Siku zake za kazi za mfululizo zikifika mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Tangu hapo huwezi kumwambia jioni, "Kesho usije." Mpe notisi ya siku 28 kwa maandishi, au umlipe mshahara wa siku hizo.

Basi fanya mambo haya manne:

1. Andika mapatano. Kazi ya miezi 3 au zaidi yataka mkataba wa maandishi, na kuuandika ni juu yako. Taja jina lake, kazi, mahali, siku ya kuanza, saa za kazi na mshahara. Asiyejua kusoma aelezwe kwa lugha anayoifahamu, kisha atie alama ya kidole gumba.

2. Mshahara usipungue kiwango cha chini cha Serikali kwa kazi za shamba. Kiulize kwa Afisa wa Kazi.

3. Mpe siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Akitimiza miezi 12, apate likizo ya siku 21 za kazi kwa malipo kamili.

4. Mwandikishe katika NSSF na Bima ya Afya ya Jamii, na ulipe ada ya nyumba. Fedha hizi hulipwa kila mwezi. Kwa NSSF na ada ya nyumba, wewe nawe hutoa sawa na anachokatwa yeye.

Labda utasema, "Huyu ni kama mwanangu, karatasi ya nini?" Lakini mkikosana mkafika kortini, wewe mwajiri ndiwe utakayetakiwa kuthibitisha mliyopatana. Usipokuwa na karatasi, utathibitisha kwa nini? Ng'ombe mzuri aweza kuuzwa kwa sababu ya deni kama hilo. Kwa hiyo hata mtu akiondoka, tunza mkataba wake miaka 5.

Kumbuka pia tulikotoka. Mashamba mengi ya makazi yalikatwa kutoka mashamba makubwa ya walowezi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadhi ya waliogawiwa walikuwa vibarua huko. Waliujua uchungu wa kufukuzwa bila neno. Usimwonjeshe mwenzako uchungu huo.

Nunua daftari leo, ukae na mtu wako wa kazi, mwandike. Likikutatiza jambo, nenda kwa Afisa wa Kazi kabla hamjagombana.