Mhusika Mwenye Nguvu Zote: Anajengwaje, na Anaangukia Wapi?

Je, unacheza bao? Kama huchezi, basi wazee wa barazani umeshawaona. Kila mchezaji ana shimo moja linaloitwa nyumba, na mchezo ukianza lina kete sita. Akipenda anaiacha nyumba yake ikae, kete zikazidi kujaa humo mpaka ikawa nzito. Raha tupu! Mpaka mwenzake apate njia ya kuila. Hapo kete zote zinakwenda upande wa pili kwa mkupuo mmoja, na mwenye nyumba anabaki kukuna kichwa.

Leo tunazungumzia mchezo mwengine wa kukaa kitako, lakini suala lake ndo hilo hilo: ukipewa nguvu kidogo za kugawa, uzirundike pahala pamoja au uzitawanye?

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, na michezo mingi ya aina hii imezaliwa kutokana nao. Hauna mshindi. Watu wanne au watano hukaa mezani, au mkekani, haidhuru. Mmoja ni msimulizi: yeye anaeleza mmefika wapi na nani kasimama mbele yenu. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Masika yakipiga Ole na uwanja wa mpira ukawa dimbwi, huu unachezeka barazani bila shida.

Jambo likiwa halina hakika, kama vile kupiga adui au kuruka shimo, huamuliwa kwa dadu ya nyuso 20. Dadu hiyo kama huna, kata vikaratasi 20, viandike 1 mpaka 20, tia ndani ya kofia. Chomoa kimoja, soma, kirudishe. Usipokirudisha umeshaharibu hesabu, manake namba zilizobaki si zile tena.

Alama 27

Mhusika ana sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na haiba. Zamani, katika kanuni za 1974, mchezaji alirushiwa dadu tatu za kawaida kwa kila sifa na akapokea alichopata. Kupata 18, yaani sita tatu kwa pamoja, ni bahati ya mara 1 katika 216. Huko hakuna cha kupanga.

Kanuni za 2014 zinatoa njia nyengine, na hapa ndo pana utamu kwa mpenda hesabu. Unapewa alama 27 za kununulia sifa. Kila sifa inaanzia 8, bure. Kutoka hapo mpaka 13 kila hatua inakula alama moja, lakini hatua ya 14 na ile ya 15 kila moja inakula mbili. Juu ya 15 hununui. Halafu sifa inageuzwa kuwa nyongeza ya dadu: 8 na 9 zinakukata 1, 10 na 11 hazikupi kitu, 12 na 13 zinakupa 1, 14 na 15 zinakupa 2, 16 na 17 zinakupa 3.

Umeona ujanja? 14 na 15 zinatoa nyongeza ile ile, na 15 ni ghali zaidi. Mbona wajanja wananunua 15? Kwa sababu asili ya mhusika nayo inamwongezea kidogo. 15 ikipata 1 inakuwa 16, na nyongeza inapanda mpaka 3.

Hebu chukua kalamu. Mhusika wa kwanza ana 15, 15, 15, 8, 8, 8. Wa pili ana 13, 13, 13, 12, 12, 12. Wote wawili wamekula alama 27 kamili. Sasa jumlisha nyongeza zao. Wa kwanza anapata 3 tu, wa pili anapata 6! Hata hivyo wachezaji wanaotafuta nguvu humchagua wa kwanza, na si wajinga. Mpiganaji anapiga kila zamu kwa sifa ya nguvu, na huenda asiulizwe akili jioni nzima. Adui akiwa na kinga ya 15, na mpiganaji ana nyongeza ya 3 kwa nguvu na 2 kwa mazoezi, anahitaji kuchomoa 10 au zaidi: vikaratasi 11 katika 20. Angekuwa na nguvu 8 angehitaji 14, yaani vikaratasi 7 tu. Tofauti hiyo utaiona jioni moja.

Lakini hesabu hiyo inasahau kitu. Unachokifanya unakichagua wewe. Unachofanyiwa anachagua mwengine. Katika kanuni hizi kila moja ya sifa sita inaweza kuitwa kukukinga, na adui hakuulizi ipi uliyoinunua.

Mfano mzuri ni mjuzi, yule mhusika anayetumia maneno na vitabu. (Kwa Kiingereza jina lake ni kali zaidi, lakini Pemba neno "mchawi" halitamkwi ovyo ukumbini, mtakuja ulizwa.) Mjuzi kawaida anaacha nguvu kwenye 8, kwani atabeba nini? Basi kuna adui mnyonge anaitwa kivuli. Akimgusa mtu, mbali na kumuumiza, anampunguzia nguvu kwa dadu ya nyuso nne, na nguvu zikifika sifuri mtu kafa. Mwenye 8 anaweza kufa kwa miguso miwili, hata kama hajaumizwa sana. Mwenye 15 haondoki kabla ya minne. Nguvu hizo zinarudi ukipumzika, lakini kivuli hakupi nafasi ya kulala.

Wapo waliokwenda mbali kabisa. Walichukua kobold, kiumbe mdogo na dhaifu, wakampitisha kanuni baada ya kanuni, pamoja na uwezo mmoja uliomo katika kitabu cha Serpent Kingdoms cha 2004, mpaka nguvu zake zikawa hazina mwisho. Wakamwita Pun-Pun. Alijengwa ili kuonesha tundu lililomo kwenye kanuni, si wa kuchezwa. Utamchezaje? Kila swali jibu lake ni ndiyo.

Mezani ugomvi unaanzia wapi?

Si kwenye hesabu. Tuseme mwenzenu mmoja kajenga mpiganaji wa nyongeza 9, na nyinyi wengine mna 4. Msimulizi anaona maadui wake wanakwisha mara moja, anapandisha kinga mpaka 22. Mwenye 9 sasa anahitaji 13: vikaratasi 8 katika 20. Wewe mwenye 4 unahitaji 18: vikaratasi vitatu tu. Yeye kapunguziwa raha kidogo, wewe umenyang'anywa mchezo mzima. Kesho huji, na kesho kutwa hawaji wawili. Wanasema "mchezo wenyewe mbaya". Siyo mbaya, kinga ndo iliyopandishwa kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika karatasi, semezaneni. Kila mmoja aseme jambo gani mhusika wake atalijua kuliko wote, na mwengine asilinunue. Mwenye kupenda kurundika arundike, hakuna ubaya, ila pengo lake awepo wa kuliziba. Na msimulizi asipandishe kinga: atie mambo yasiyopigwa kwa upanga.

Mnaweza kuanzia Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, kusini mashariki ya Chake Chake. Wazee husimulia kwamba alikuwa na wake wawili wasiotakiwa kuonana, ndo maana kisima kikatiwa ukuta katikati. Msimulizi aseme: ufunguo umo kisimani, kamba ana mke mmoja, ndoo anayo mwenziwe, na kila mmoja anataka kwanza kujua nyinyi mpo upande wa nani. Mpiganaji wa haiba 8 katangulia mbele, kama kawaida yake. Anatia mkono kofiani, anatoa 3, anakatwa 1, na bi mkubwa bado anasubiri jibu.