Benki ikikataa kukukopesha, omba sababu

Tuseme mama muuza mafuta ya mawese na unga, hapa Bukavu, amepeleka dosiye yake benki na kuomba dola 3000 za kuongeza stoki. Majuma matatu yanapita, kisha anapigiwa simu: «Mama, haikuwezekana.» Basi. Wengi wetu hukunja karatasi na kurudi kwenye likelemba.

Kwingine watu wamejifunza kutoishia hapo. Ufaransa, mwaka 2008, mabenki yalipopata shida na kubana fedha, serikali iliweka mpatanishi wa mikopo anayefanya kazi pamoja na Benki Kuu ya nchi hiyo. Mwenye biashara halipi kitu, na habari zake hubaki siri. Mpatanishi huyo hawezi kuilazimisha benki. Anaiita tu iangalie dosiye upya. Uingereza, tangu mwaka 2011, mabenki makubwa yalikubali kwamba aliyekataliwa aweze kukata rufaa ndani ya benki ileile, ila anayesoma mara ya pili asiwe yule aliyekataa. Mwaka wa kwanza, karibu rufaa 4 kati ya 10 zilifanikiwa. Hao wote walikuwa wamekwisha kuambiwa hapana!

Sisi tuanze na barua. Mwandikie mkuu wa tawi kwa heshima, taja tarehe uliyoomba na kiasi, omba sababu kwa maandishi, na uombe dosiye isomwe na mtu mwingine. Peleka nakala mbili. Moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, kesho watasema hawakuona kitu.

Sababu ikijulikana, kazi inakuwa nyepesi. Kama ni deni la zamani ulilokwisha kulipa, tafuta cheti cha kumaliza deni kutoka kwa aliyekukopesha. Kama hukuandikishwa katika rejista ya biashara, RCCM, nenda gishe ya kuandikisha biashara. Kama ni dhamana, hapa ndipo wengi wanakwama: wana fishi ya kiwanja tu, hawana cheti cha uandikishaji. Lakini Kongo iko ndani ya sheria za OHADA tangu mwaka 2012, na sheria hizo zinakubali stoki au mashine ya kusagia iwekwe dhamana. Benki hailazimiki kuipokea, lakini uliza. Na daftari la mauzo ya miezi sita, lililoandikwa kila jioni, husema mengi kuliko maneno matamu.

Katika kila kanisa hakosi mhasibu au mwanasheria. Amsaidie mama kuandika barua hiyo, bila kanisa kuwa mdhamini wake. Wala asimpe wakala «kitu kidogo» ili dosiye itembee.

Tena wahesabu pamoja. Kama faida ya mwezi haifikii malipo ya mwezi, benki ilisema kweli, na hapo barua haifai kuandikwa. Afadhali aombe dola 800.