Kabla ya Kununua Mashine ya Kutafuta Sarafu na Vitu vya Kale Ardhini

Mtu akichimba msingi wa nyumba huko Bobasi au shimo la choo huko Borabu, akakutana na sarafu yenye tundu katikati, habari hufika sokoni kabla ya jua kutua. Muda si mrefu huweza kutokea mgeni mwenye mashine ya kutambua metali. Hudai kwamba mashine hiyo huona mali iliyo mita kumi chini ya ardhi, na kwamba anachohitaji ni "ada ndogo" ya kupima shamba. Wengine hushawishiwa wanunue mashine yenyewe kwa pesa za karo au mkopo wa chama.

Vifaa vya kutambua metali vipo na hufanya kazi. Hata hivyo, vina mipaka, na kitu cha kale kilichomo ardhini si lazima kiwe mali ya anayekichimbua. Mkazi wa Kisii au Nyamira anafaa kujua mambo hayo mawili kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Ni vitu gani vinavyoweza kupatikana?

Eneo la Gusii lina historia inayoacha alama ardhini. Wahunzi walifua majembe na mikuki, na wanawake walioolewa walivaa ebitinge, pete za chuma za miguuni. Mwaka wa 1908 Otenyo alimchoma mkuki ofisa Mwingereza, Geoffrey Northcote, na eneo hili likavamiwa na majeshi ya wakoloni. Tarehe 12 Septemba 1914 vikosi vya Wajerumani na Waingereza vilipigana Kisii. Baadaye walowezi wa Kizungu walilima Borabu hadi karibu na Uhuru.

Kote Afrika Mashariki, hasa Tanzania, husimuliwa hadithi za dhahabu iliyofichwa na Wajerumani. Kwa Kisii, hadithi hiyo haina mashiko. Wajerumani waliovuka mpaka mwaka wa 1914 hawakukaa mjini hata wiki moja. Walipigana, kisha wakarudi walikotoka. Mabaki yanayotarajiwa katika vita vya aina hiyo ni maganda ya risasi, vifungo vya sare na vyuma vilivyovunjika.

Sarafu nazo hupatikana, lakini nyingi ni za kawaida. Senti kumi zenye tundu za enzi za ukoloni zilitengenezwa kwa wingi mno. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka wa 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha halisi, yaani chini ya gramu mbili katika sarafu nzima. Shilingi zilizotengenezwa kuanzia mwaka wa 1948 hazina fedha hata kidogo.

Mashine hufanyaje kazi?

Kifaa cha kutambua metali kina koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya kisahani cha chini. Umeme unaopita ndani yake huunda uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikutana na metali, huamsha umeme mdogo ndani ya metali hiyo, nayo hurudisha ishara ambayo mashine huigeuza kuwa mlio.

Ishara hiyo hufifia haraka sana. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, kina kikiongezeka mara mbili, nguvu ya ishara hupungua takriban mara 64. Ndiyo maana mashine nzuri ya kawaida hutambua sarafu moja kwenye kina cha sentimita 20 hadi 30, na mara nyingi huishia hapo. Kitu kikubwa kama sufuria au sanduku la chuma huweza kutambuliwa chini zaidi. Hakuna mashine ya mkononi inayoweza kuona sarafu moja iliyo mita kumi chini.

Ipi inafaa kazi gani?

Aina ya kwanza hutumia mawimbi ya masafa ya chini mfululizo. Ndiyo inayouzwa kwa wingi, na huweza kutofautisha chuma na metali nyingine kama shaba au fedha. Kwa sarafu, hii ndiyo inayofaa zaidi.

Aina ya pili hutuma mipigo mifupi ya umeme. Huingia kina kidogo zaidi na haisumbuliwi sana na udongo wenye madini, lakini nyingi hazitofautishi vizuri msumari na sarafu. Anayeitumia hujikuta akichimba misumari kutwa nzima.

Aina ya tatu ina visanduku viwili vilivyounganishwa kwa fimbo. Imeundwa kutafuta vitu vikubwa vilivyo chini sana, kama mabomba na mapipa, na haitambui sarafu moja moja. Anayeuza mashine ya aina hii huku akisema itapata sarafu zilizo chini sana anamdanganya mteja.

Ukubwa wa koili pia una maana. Koili kubwa huona chini zaidi lakini hupoteza vitu vidogo, ilhali koili ndogo hufaa mahali penye vyuma vingi vilivyotapakaa.

Udongo nao hubadilisha mambo. Wekundu wa udongo wa sehemu nyingi za Gusii hutokana na madini ya chuma, nayo huweza kufanya mashine ilie ovyo au ipoteze kina. Mashine inayonunuliwa kwa matumizi ya huku inafaa kuwa na uwezo wa kurekebishwa kulingana na udongo.

Njia bora ya kupima ni rahisi. Usikubali majaribio ya juu ya meza dukani. Chagua sehemu ya shamba isiyo na vyuma, zika sarafu ya shilingi 20 kwenye kina cha sentimita 10, nyingine sentimita 20, nyingine 30, kisha umwombe muuzaji azitafute bila kumwonyesha zilipo. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali.

Dalili za ulaghai

Jihadhari na kifaa chenye antena inayozunguka yenyewe, kinachodaiwa "kunusa" dhahabu kutoka mita mia kadhaa. Nchini Uingereza, mfanyabiashara James McCormick alifungwa miaka 10 mwaka wa 2013 kwa kuuza vifaa vya aina hiyo, vikiwemo vilivyonunuliwa na Iraq kutambua mabomu. Havikuwa na uwezo wowote wa kutambua kitu.

Jihadhari pia na mtu anayetaka malipo kabla ya kuchimba, anayeomba pesa zaidi za "kufungua" mali kwa tambiko, au anayetafuta "zebaki nyekundu" ndani ya cherehani na redio za zamani. Kitu hicho hakipo.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kifaa chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Vitu vya aina hiyo vilivyo ardhini ni mali ya Serikali, hata kama shamba lina hati miliki.

Kutafuta mabaki ya kale yaliyofukiwa kunahitaji leseni chini ya sheria hiyo. Ruhusa ya mwenye shamba pekee haitoshi. Kukitoa kitu hicho nje ya nchi bila kibali ni kosa. Dhahabu ya asili nayo iko chini ya Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 na huhitaji kibali chake.

Hii haimaanishi kwamba kumiliki mashine hakuna faida. Hutumika kutafuta pete iliyopotea, bomba la maji lililofukiwa au chuma cha mpaka kilichofunikwa na udongo, ingawa kazi ya kukisogeza chuma hicho ni ya mpima ardhi.

Ukikutana na kitu cha kale

Simamisha uchimbaji. Kiache kilipo, usikisugue wala kukitia asidi ili king'ae, kwani mahali kilipolala na vitu vilivyo kando yake huwaeleza wataalamu mengi kuliko kitu chenyewe. Piga picha, weka alama, kisha uarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba. Makavazi ya Kisumu ni miongoni mwa vituo vyake. Ofisi ya chifu inaweza kukuelekeza.

Ukiona kitu kinachofanana na risasi au bomu, usikiguse hata kama kina kutu. Waondoe watoto, kisha piga simu kwa polisi kupitia 999 au 112.

Usichimbe makaburini wala kwenye maeneo ya kimila kama Ngoro ya Mwaga katika milima ya Manga. Na usiingie kwenye shimo refu lisilo na nguzo za kuzuia kingo, hasa msimu wa mvua. Udongo ulioloa huporomoka bila kutoa onyo, na jirani mwenye jembe huenda asiwahi kumfikia aliyefukiwa.

Jembe la kale au ekitinge iliyopatikana shambani huenda isilete pesa nyingi sokoni. Ikifika makavazini pamoja na maelezo ya mahali ilipotoka, watoto wa Gusii watasoma kutoka kwayo jinsi babu na bibi zao walivyoishi. Ikiuzwa kando ya barabara kwa mtu asiyejulikana, elimu hiyo hupotea pamoja nayo.