Umevaa vyuma vya meno? Kashata isubiri

Mimi ni wa Mombasa, ila kazi imenileta Olenguruone, kwenye baridi na majani chai. Mamangu aliponitumia kashata na mabuyu, nilisahau kuwa nimevaa vyuma vya meno. Kashata ya kwanza ikabandua kibati kimoja. Ikabidi nishuke hadi Nakuru. Siku ya kazi ikapotea, na pesa pia.

Kibati hushikwa kwenye jino kwa gundi. Kitu kigumu, kama kashata au kokwa za mabuyu, hukibandua. Cha kunata, kama tofi, hukivuta na kupinda waya. Jino lisiposhikwa halisogei, matibabu yakarefuka. Sukari nayo hujificha kando ya kibati, vijidudu vikaigeuza asidi inayokula jino. Vyuma vikitolewa, madoa meupe hubaki.

Basi tuache utamu? La. Chagua kilicho laini: mkate wa sinia, embe lililokatwa, ndizi mbivu. Kula pamoja na chakula, si kudonoa mchana kutwa. Sukutua kwa maji, ngoja nusu saa, kisha piga mswaki.

Kashata zangu nimewagawia majirani. Mama, safari ijayo tuma mkate wa sinia.