Mavazi ya Oganda na Akoko: Kitabu kisomwe kabla ya kitambaa kununuliwa

ANAYETAKA kuigiza kisa cha Oganda katika kisiwa cha Takawiri, Kaunti ya Homa Bay, hana haja ya kuchora ziwa kwenye pazia. Ziwa Victoria liko pale pale, mchanga mweupe ukiwa ndio jukwaa. Kazi iliyosalia ni mavazi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Oganda ni binti wa chifu Labong'o katika hadithi ya Grace Ogot iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa mwaka wa 1968. Msichana huyo anatolewa kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Mara nyingi mhusika wa aina hii huvikwa kitenge chenye rangi kali, kana kwamba kila kilicho cha Kiafrika ni cha kale. Kitenge ni kitambaa cha kiwandani kilicholetwa na biashara. Zama za Labong'o hazikukijua.

Zaidi ya hayo, mwandishi mwenyewe ametaja vazi. Osinda, mpenzi wa Oganda, anamfunika kwa joho la vijiti na majani ya mmea ambao Waluo huuita bwombwe, ili macho ya mizimu yasimwone wala ghadhabu ya zimwi isimfikie. Joho hilo basi si pambo. Likiacha mabega na uso wazi, mtazamaji hataelewa binti huyo ameponaje.

Visiwani vifaa havisumbui. Wavu mkuukuu wa uzi wenye macho mapana hukatwa tundu la kupitishia kichwa, kisha vijiti vyenye majani vikafumwa humo kuanzia chini kwenda juu, ili kila safu ifunike mafundo ya ile iliyotangulia. Wavu wa omena haufai; macho yake ni madogo mno. Majani nayo yafumwe asubuhi ya siku ya mchezo, kwani yaliyolala hunyauka. Kwa kuwa Osinda humvika Oganda mbele ya watazamaji, joho sharti liingie kwa mkupuo mmoja.

Akoko, shujaa wa riwaya ya Margaret Ogola, The River and the Source, iliyochapishwa mwaka wa 1994, anahitaji uangalifu wa namna nyingine. Binti huyu wa chifu anaolewa kwa mahari ya ng'ombe 30. Akiisha kuolewa, anaweza kuvikwa chieno, yaani mkia wa nyuzi uliofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma, ambao nyuzi za katani zilizosokotwa zinatosha kuuigiza. Lakini chieno kilikuwa alama ya mwanamke aliyeolewa, na mtu kukishika ovyo ulikuwa utovu mkubwa wa adabu. Kumfunga Oganda chieno, kwa hivyo, ni kumwoza jukwaani bila mahari. Bibi yeyote wa Kiluo aliyeketi mbele atakereka, na atakuwa na haki.

Riwaya ya Ogola hupita vizazi kadhaa, nayo mavazi yapite navyo. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na nguo za dukani zikaenea pamoja na misheni. Nyabera, binti ya Akoko anayeingia Ukristo, avae gauni la merikani lisilo na nakshi. Wandia, ambaye ni daktari, anatosheka na koti jeupe.

Kuhusu ngozi za chui na mbega, sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 hairuhusu mtu kuwa nazo bila kibali, hata iwe ni kwa mchezo wa shule. Ngozi ya mbuzi iliyokaushwa vyema humtosha Labong'o, na manyoya ya jogoo huweza kushika nafasi ya yale ya mbuni katika kilemba chake. Ngozi hiyo ianikwe mapema, la sivyo harufu yake itamfikia mtazamaji kabla ya chifu mwenyewe kutokea.