Kikaushio cha omena: Mota yenye nguvu nyingi si lazima iwe bora

BIASHARA ya omena katika fuo za Ziwa Victoria hutegemea jua. Siku ya jua kali, samaki hao wadogo, ambao Watanzania huwaita dagaa na Waganda mukene, hutandazwa juu ya nyavu kuukuu au juu ya chanja na kukauka kabla ya magharibi. Mvua ikinyesha, hali hugeuka. Omena waliovuliwa usiku huanza kuharibika siku hiyo hiyo, na mchuuzi wa Dunga, Usenge au Mbita hulazimika kuwauza kwa bei ya chini wakasagwe kuwa chakula cha kuku.

Njia mojawapo ya kupunguza hasara hiyo wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, ni kuunda kikaushio cha nyumbani. Hiki ni kisanduku cha mbao chenye trei za wavu ndani yake, kikiunganishwa na sanduku jingine la bati lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa kioo au plastiki angavu. Hewa hupata joto katika sanduku jeusi, kisha husukumwa na feni hadi kwenye samaki.

Fundi yeyote wa jua kali mjini Kisumu anaweza kuunda masanduku hayo. Kinachowatatiza wengi ni mota ya feni. Ikiwa dhaifu mno, mvuke hukwama ndani na samaki huoza upesi kuliko waliowekwa kwenye chanja. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, hewa hupita kabla ya kupata joto na betri huisha mapema.

Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba mota haikaushi samaki. Kazi ya kukausha hufanywa na joto, na kazi ya mota ni kuondoa hewa iliyokwisha kubeba maji ili nyingine iingie.

Hesabu ndogo yabainisha jambo hili. Karibu robo tatu ya uzani wa omena mbichi ni maji. Ili kilo 10 zikauke kiasi cha kuhifadhiwa, yapasa kuondoa takriban lita 7 za maji. Kugeuza maji hayo kuwa mvuke kwahitaji joto linalokaribia yuniti 5 za stima, na joto hilo hutolewa na jua bila malipo.

Ikikadiriwa kwamba kila mita ya ujazo ya hewa yenye joto huondoka na gramu 5 za maji, basi zahitajika mita za ujazo 1,400. Kwa siku ya saa 8, hizo ni mita 175 kila saa. Kiasi hicho cha hewa chaweza kusukumwa na mota ndogo sana.

Feni ya kupoza kompyuta, yenye upana wa milimita 120, hutumia wati 2 hadi 4 na husukuma takriban mita 100 za ujazo kwa saa penye uwazi. Ikikabiliana na trei zilizojaa samaki, kiasi hicho chaweza kupungua kwa nusu. Kwa hiyo feni 4 za aina hiyo zatosha kwa kilo 10. Zikifanya kazi kutwa nzima, zitatumia takriban sehemu moja ya kumi ya yuniti moja.

Feni hizo zina sifa nyingine. Mota zake hazina brashi za kaboni, ambazo huchakaa kwa kusuguana. Isitoshe, hutumia volti 12, kiwango kisicho na hatari kubwa kwa mtu mwenye mikono iliyolowa.

Mota ya feni ya rejeta ya gari, ambayo hupatikana kwa wauza vipuri vikuukuu, huwavutia wengi kwa kishindo chake. Hata hivyo, nyingi hutumia wati 80 hadi 150. Betri ya ampea 50 kwa saa haitaiendesha hata nusu ya siku bila kudhoofika.

Mota ya waipa nayo haifai kabisa. Ndani yake mna gia zinazopunguza mwendo hadi mizunguko michache kwa dakika huku zikiongeza nguvu ya kuzungusha. Mwendo wa pole kama huo ndio utakiwao na waundaji wa fito za kuvulia samaki kwa ndoano, ambao huzungusha ufito polepole ili gundi isichuruzike kabla ya kukauka. Feni haiwezi kusukuma hewa kwa mwendo huo.

Feni ya mezani ya volti 240 yaweza kutumika palipo na stima ya uhakika. Mota yake haina brashi, na hutumia wati 40 hadi 60. Kasoro yake ni kwamba hupozwa na hewa inayoipitia. Ikiwekwa ndani ya hewa ya nyuzi 50, yaweza kuungua. Aidha, nyaya za volti 240 penye maji na magamba ya samaki zahitaji uangalifu mkubwa.

Mahali pa kuweka mota ni muhimu kama aina yake. Yafaa ikae kwenye mlango wa kuingizia hewa, kabla ya sanduku jeusi, ili ipitiwe na hewa baridi na safi. Ikiwekwa kwenye tundu la kutokea, itapata mvuke na mafuta ya samaki, na beringi zitaharibika mapema.

Kwa asiye na stima, feni yaweza kuendeshwa na paneli ya sola ya wati 20 hadi 30. Faida yake ni kuwa jua likiongezeka, joto na mwendo wa feni huongezeka pamoja. Tahadhari ni kwamba paneli iitwayo ya volti 12 yaweza kutoa volti zaidi ya 20. Sharti kiwekwe kidhibiti cha volti kati yake na feni.

Usiku, hewa ya kando ya ziwa huwa na unyevu mwingi. Omena waliokaribia kukauka wakipulizwa hewa hiyo hunyonya maji upya. Yafaa feni izimwe na matundu yafungwe.

Mwisho, hakuna mota iwezayo kuchukua nafasi ya joto. Siku ya mawingu mazito, mchuuzi hana budi kupunguza samaki kwenye trei au kutafuta joto kwingine, kama vile jiko la makaa lililotengwa ili moshi usiwafikie samaki. Fedha ambazo zingenunua mota kubwa zina manufaa zaidi zikiongeza upana wa sanduku jeusi.