Daftari la Athens na Mkazi wa Ruiru

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, watu wengi hufunga nyumba zao Ruiru na Thika na kupanda magari ya kwenda magharibi, Ukambani au mlimani. Kazi zao ziko hapa, watoto wao wanasoma hapa, kodi ya nyumba wanalipa hapa, lakini kura wanaipiga "nyumbani". Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru. Wengi wao walivutwa na viwanda, vyuo, barabara kuu ya Thika na nyumba za kupanga zilizoota palipokuwa na mashamba ya kahawa. Hivyo mwakilishi wadi wa Gitothua au Kamenu huchaguliwa bila sauti ya baadhi ya wanaokanyaga matope ya wadi yake kila siku.

Swali hili la mtu aandikwe wapi, na ni nani anayestahili kuandikwa, lina umri wa zaidi ya miaka 2,500. Ndilo lililoizaa demokrasia ya Athens. Baadaye ndilo lililoufunga mlango wake.

Katika karne ya sita kabla ya Kristo, siasa za Attica, nchi iliyozunguka Athens, ziligawanyika kwa maeneo: watu wa tambarare, watu wa pwani na watu wa milimani. Kila upande ulikuwa na ukoo wake mkubwa na mtu wake. Peisistratos alitumia kundi la milimani kujitwalia utawala wa mabavu, akawarithisha wanawe. Mmoja wao, Hippias, alifukuzwa mwaka 510 KK kwa msaada wa jeshi la Sparta, na mara mabwana wawili wakaanza kugombea nafasi yake: Isagoras na Cleisthenes.

Cleisthenes alipoona anashindwa, aliwageukia watu wa kawaida. Isagoras naye akamwita rafiki yake, Mfalme Cleomenes wa Sparta, aliyefukuza familia 700 na kujaribu kulivunja baraza. Raia waliinuka, wakawazingira Cleomenes na Isagoras juu ya kilima cha Acropolis kwa siku mbili. Siku ya tatu Wasparta waliruhusiwa kuondoka, na Cleisthenes, aliyekuwa ameondoka, akarudi mjini akiwa na deni kwa wananchi.

Alilipa kwa kupanga upya daftari la nchi. Makabila manne ya kale, yaliyojengwa juu ya koo, aliyaondolea nguvu za kisiasa. Badala yake akaunda makabila mapya kumi, kila moja likiwa na vipande vitatu: kimoja cha mjini, kimoja cha pwani na kimoja cha bara. Ni kama mtu aikate Kaunti ya Kiambu, aunganishe Kamenu ya Thika, Mwihoko ya Ruiru na kipande cha Lari, kisha awaambie wakazi wake waketi baraza moja na waende vitani bega kwa bega. Kila kabila jipya lilitoa wajumbe 50 katika Baraza la watu 500, na jeshi nalo lilipangwa kwa makabila hayo. Bwana wa milimani aliyetaka kuwatumia watu wake kama ngao alikuta wametawanywa katika makundi mbalimbali, wamechanganywa na watu asiowajua.

Waliotunga Katiba ya Kenya ya 2010 walikuwa wakipambana na ugonjwa wa aina hiyohiyo. Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Njia ni tofauti, lakini shabaha ni moja: kumlazimisha mwanasiasa atafute watu nje ya kwao.

Chini ya makabila hayo kumi palikuwa na vijiji na mitaa 139, ambayo kwa siasa zetu tunaweza kuiita wadi. Hapo ndipo jina la raia lilipoandikwa. Wadi kubwa kama Acharnae ilituma wajumbe 22 katika Baraza, na ndogo ilituma mmoja tu. Tunayajua mengi ya haya kutokana na kitabu cha shule ya Aristotle kuhusu katiba ya Athens, kilichopotea kwa karne nyingi hadi nakala yake ilipopatikana Misri na kuchapishwa mwaka 1891. Ilikuwa imenakiliwa nyuma ya mafunjo yaliyokwisha kutumika kuandikia hesabu za shamba. Kitabu hicho kinaeleza kwamba Cleisthenes alitaka mtu atajwe kwa wadi yake badala ya jina la baba yake, ili raia wapya wasijulikane kwa asili zao. Uliandikwa mahali ulipokuwa ukiishi, na hilo likatosha.

Lakini liliwatosha watu wa kizazi kile tu. Baada ya hapo wadi ikawa urithi. Mtu ambaye babu yake aliandikwa Acharnae alibaki mtu wa Acharnae, hata kama yeye mwenyewe alizaliwa na kuzeeka bandarini Piraeus. Mwaka 451 KK, mwanasiasa Pericles alipitisha sheria iliyotaka raia awe na baba na mama wote wa Athens. Wanawake hawakuwa na kura, watumwa hawakuhesabiwa, na wageni wakazi walilipa kodi ya drakma 12 kwa mwaka na kwenda vitani wakiitwa, bila haki ya kupiga kura wala kumiliki ardhi.

Kisa cha Lysias, mmoja wa wageni hao, kinaonyesha uzito wa jambo hilo. Baba yake alihamia Athens kutoka Syracuse, na familia ikawa na kiwanda cha ngao chenye watumwa wapatao 120. Mwaka 404 KK, watawala waitwao Wale Thelathini walipoipindua demokrasia, waliwaandama wageni matajiri ili kupora mali zao. Kaka yake Lysias aliuawa. Yeye alitoroka, akawachangia wapigania demokrasia fedha na ngao 200. Demokrasia iliporudi, kiongozi wao Thrasybulus alipendekeza Lysias apewe uraia. Pendekezo likabatilishwa kwa kosa la utaratibu, na Lysias akabaki mgeni katika mji aliousaidia kuukomboa.

Mwaka 346 KK, Athens iliamuru kila wadi ipekue upya daftari lake. Mtu aitwaye Euxitheos, wa wadi ya Halimous, alifutwa. Wapinzani walidai baba yake aliongea kwa lafudhi ya kigeni, naye akajibu kwamba mzee alitekwa vitani na kuuzwa ng'ambo kabla ya kurudi. Mama yake alidharauliwa kwa kuuza utepe sokoni na kunyonyesha mtoto wa watu kwa ujira. Kura ilipigwa usiku, wengi wakiwa wameshaondoka. Euxitheos aliiambia mahakama kwamba waliobaki hawakuzidi 30, lakini kura zilizohesabiwa zilizidi 60. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa hapo. Aliyeshindwa katika rufaa ya namna hiyo aliuzwa utumwani.

Nasi tumekuwa na akina Euxitheos wetu. Wanubi na Wasomali wa Kenya walijua kwa miaka mingi maana ya kupigwa msasa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Washona waliotoka Zimbabwe na kuanza kuhubiri hapa miaka ya 1960 waliishi Kiambu, Githurai ikiwamo, wakizaa watoto na wajukuu wasiokuwa na uraia wa nchi yoyote. Bila kitambulisho, huwezi kupiga kura wala kufungua akaunti ya benki. Siku ya Jamhuri ya 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba 1,670 kati yao watatambuliwa, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vyeti vya uraia. Kwa upande wa wazazi, Ibara ya 14 ya Katiba yetu ni pana kuliko sheria ya Pericles: mzazi mmoja Mkenya anatosha, awe baba au mama.

Kwa mpangaji wa Ruiru, sheria ni pana zaidi tena. Lysias alikatazwa kuandikwa, na mjukuu wa Acharnae hakuweza kuhamisha wadi yake. Mkenya mwenye kitambulisho anaweza kujiandikisha anakoishi, au kuhamisha kura yake wakati daftari liko wazi. Kinachomrudisha nyumbani ni ardhi ya ukoo, makaburi ya wazee, na kumbukumbu ya ghasia za 2007 na 2008, pale wengi walipokumbushwa kwamba ni wageni. Hizo ni sababu za kweli, na hazistahili kuchekwa.

Lakini zina gharama. Bajeti ya kaunti, maji, mitaro, taa za barabarani na zahanati hupiganiwa wadi kwa wadi. Mwenye nyumba, mwenye matatu na mwanasiasa wa Ruiru wanajua ni nani aliye kwenye daftari na ni nani atakayeondoka wiki ya uchaguzi, nao hupanga ahadi zao kwa hesabu hiyo. Athens iliwafungia wageni wake mlango kwa sheria. Hapa mlango uko wazi, na anayekaa nje yake miaka 20 humsaidia mwakilishi wadi kufanya hesabu bila yeye.